Jinsi ya Kujitolea Kuondoa Mashada ya Desemba kwenye Makaburi ya Arlington

Kila mwaka, Jumamosi moja ya Desemba, maelfu ya watu humiminika kwenye Makaburi ya Kitaifa ya Arlington, jimbo la Virginia, ng'ambo ya mto Potomac ukitokea Washington. Kila mtu huchukua shada la majani mabichi lenye utepe mwekundu, akaliegemeza kwenye jiwe jeupe la kaburi la askari. Waandishi wa habari huwepo, viongozi huwepo, foleni ya kuingia huwa ndefu. Wiki chache baadaye, mnamo Januari, mashada yaleyale yamekauka na lazima yaondolewe moja baada ya jingine, kwa mkono. Mwongozo huu unahusu siku hiyo ya pili.

Kwangu mimi, siku ya kuondoa ina uzito uleule wa siku ya kuweka. Kwenye msiba wowote kwetu, wanaofika kuzika ni wengi, lakini wafiwa huwakumbuka zaidi waliobaki kuosha masufuria, kurudisha viti na kukunja mikeka. Arlington ya Januari inahitaji watu wa namna hiyo. Na sisi wa Afrika Mashariki tunaoishi Washington, Maryland na Virginia ni wengi kiasi kwamba hatuna sababu ya kuwaachia wengine kazi hii.

Kwanza ujue unachokwenda kukiondoa

Desturi hii ilianza mwaka 1992. Morrill Worcester, mwenye kampuni ya kutengeneza mashada huko Harrington, jimbo la Maine, alibakiwa na mashada mengi kuliko aliyoweza kuuza msimu ule. Kwa msaada wa Olympia Snowe, aliyekuwa mbunge wa Maine katika Bunge la Marekani, alipeleka mashada 5,000 Arlington, yakawekwa kwenye sehemu za zamani ambazo wageni walikuwa hawafiki sana. Kwa miaka mingi jambo hilo liliendelea kimyakimya. Mwaka 2005 picha ya mashada yale juu ya theluji ilisambaa kwenye intaneti, na watu wakaanza kuomba kushiriki. Shirika la Wreaths Across America likaanzishwa mwaka 2007. Siku hizi mashada yanayowekwa Arlington peke yake hupita robo milioni.

Shada lenyewe ni duara la waya lililofungiwa matawi ya mti wa jamii ya msonobari, na utepe mwekundu juu yake. Likiwa bichi linanukia vizuri. Likikaa wiki tano nje, majani yake membamba kama sindano yanageuka kahawia na kupukutika, na ncha za waya zilizokuwa zimefichwa na majani zinachomoza. Nyasi za chini yake zinakosa mwanga. Mashine ya kukata nyasi haiwezi kupita juu ya waya. Tena mashada yakiachwa, mahali panapotunzwa kwa heshima panaanza kuonekana pametelekezwa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko la nyasi.

Arlington iko chini ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, na wafanyakazi wake wana kazi nyingine kubwa: siku za kazi, maziko hupita ishirini kwa siku. Bila wanaojitolea, kuondoa mashada robo milioni kungewachukua muda mrefu sana. Wakijitokeza watu wa kutosha, kazi kubwa huisha ndani ya saa chache za asubuhi moja.

Kwa nini jambo hili lituguse sisi

Wapo watakaosema hayo ni makaburi ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini. Ukienda Arlington utakuta jina la Jesse Aliganga, sajenti wa Kikosi cha Marine. Alikuwa na miaka 21 na alikuwa mlinzi katika ubalozi wa Marekani Nairobi, bomu lilipolipuka tarehe 7 Agosti 1998. Siku hiyo walikufa watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, walio wengi wakiwa ndugu zetu. Kaburi lake liko Virginia, lakini kifo chake ni sehemu ya msiba wetu.

Tena vijana wetu wengi wamevaa sare ya jeshi la Marekani. Kati ya mwaka 2009 na 2016 ulikuwepo mpango wa MAVNI, uliowaruhusu wageni wenye ujuzi wa lugha fulani, Kiswahili kikiwemo, kujiunga na jeshi na kupata uraia kwa njia hiyo. Karibu kila kanisa na kila msikiti wa watu wetu katika eneo la Washington una familia yenye mtoto jeshini au aliyewahi kutumikia.

Ndugu Waislamu huuliza kama inafaa kushika shada la Krismasi. Kazi hii ni ya kusafisha kaburi na kumkumbuka aliyelala humo, na hakuna ibada yoyote inayofanyika siku ya kuondoa. Mawe ya Arlington yenyewe yana alama za imani nyingi. Katika Sehemu ya 60 kuna jiwe lenye mwezi na nyota la Koplo Kareem Khan wa New Jersey, aliyeuawa Iraki mwaka 2007 akiwa na miaka 20. Picha ya mama yake akiwa ameliegemea jiwe hilo ilimgusa Colin Powell, jenerali mstaafu aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, hadi akaizungumzia kwenye televisheni Oktoba 2008, alipokuwa akiwatetea Waislamu wa Marekani. Powell mwenyewe alizikwa Sehemu hiyohiyo ya 60 mwaka 2021.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe mapema, kisha uihakikishe tena

Siku ya kuondoa huwa Jumamosi ya Januari, lakini tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka. Itafute kwenye tovuti rasmi ya makaburi mara tu sikukuu zinapokwisha. Huko huko utaona kama mwaka huo wanataka watu wajiandikishe au unaweza kufika tu, milango inafunguliwa saa ngapi, na barabara zipi zitafungwa kwa magari.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, angalia tena. Januari Virginia ina theluji na barafu, na zoezi likiahirishwa tangazo linaweza kutoka usiku. Ukiwa kiongozi wa kikundi cha chama cha Watanzania, cha Wakenya au cha kanisa, mpe mtu mmoja kazi ya kuangalia tangazo na kuwaarifu wengine. Watu thelathini wakifika getini na kukuta zoezi limeahirishwa, mwakani hutawapata.

Hatua ya 2: Vaa kwa ajili ya baridi na waya

Saa mbili asubuhi mwezi wa Januari, baridi inaweza kuwa chini ya nyuzi sifuri. Saa moja ya kuinama na kubeba ikipita, utakuwa unatoka jasho. Kwa hiyo vaa nguo kadhaa nyepesi moja juu ya nyingine, uweze kuvua, badala ya koti moja zito linalokufanya uchague kati ya kuganda na kuloa. Buti ziwe na soli inayoshika, maana Arlington ni vilima, na nyasi zenye umande ulioganda huteleza. Mchana zikiyeyuka, panakuwa matope.

Glavu ndizo za kutiliwa mkazo kuliko vyote. Za sufu hazifai kabisa: ncha za waya hupita moja kwa moja na majani makavu hunasa humo. Chukua glavu za ngozi au zile nene za bustani. Suruali iwe ya kitambaa kigumu, na wenye miwani waivae, kwa sababu majani hurukaruka mashada yanapotupwa kontenani.

Kifaa kimoja kitakurahisishia kazi kuliko kingine chochote: mpini wa fagio au fimbo ndefu imara isiyo na ncha kali. Mashada ni maduara, hivyo unayatunga kwenye mpini na kuyabeba mengi kwa mara moja. Kamba nene ya mita mbili au tatu pia inafanya kazi. Kabla ya kubeba kitu kama toroli, soma masharti ya mwaka huo, maana mlangoni kuna ukaguzi.

Hatua ya 3: Kufika na kuingia

Njia nyepesi ni treni ya Metro, laini ya bluu, kituo cha Arlington Cemetery. Ukishuka, ni mwendo mfupi hadi jengo la kupokelea wageni. Kuna maegesho ya kulipia, lakini siku za watu wengi hujaa. Mkitoka mbali kama Baltimore, jazeni watu kwenye magari machache, myaache kituo cha Metro cha nje ya mji, mwingie kwa treni.

Kila mtu hukaguliwa kama uwanja wa ndege. Mwenye umri wa miaka 16 na zaidi awe na kitambulisho chenye picha. Silaha haziruhusiwi, na kisu kidogo ulichozoea kukiweka mfukoni kiache nyumbani. Wanyama wa kufugwa hawaingii, isipokuwa wale wa kuwasaidia wenye ulemavu. Chakula hakiruhusiwi ndani, maji ya chupa yanaruhusiwa, kwa hiyo kunywa chai nzito na kula vizuri kabla ya kutoka. Nenda msalani palepale kwenye jengo la wageni, kwa sababu ukishafika kwenye sehemu za mbali kurudi ni safari.

Makaburi hufunguliwa saa 2 asubuhi. Fika wakati huo. Sehemu zilizo karibu na lango humalizwa upesi sana, na anayechelewa hukuta watu wengi na mashada machache. Ukikuta hivyo, usihangaike kugombea mstari: endelea kutembea. Sehemu za juu na za mbali ndizo zinazokosa watu.

Hatua ya 4: Kwenye mstari

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Chagua mstari mmoja, uanzie mwisho mmoja na uufuate hadi mwisho mwingine. Mkiwa kikundi, kila watu wawili wachukue mstari wao. Wanaodandia huku na kule huacha mashada nyuma yao, kisha mtu mwingine analazimika kurudia njia ileile.

Simama mbele ya jiwe kabla ya kugusa chochote. Soma jina. Mwezi wa Desemba waandaaji huwaomba wanaoweka mashada walitamke jina la marehemu kwa sauti. Januari hakuna atakayekuomba, nami nakusihi ulitamke. Jiwe litakupa mengi kwa maneno machache: cheo, jimbo, vita alivyopigana, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Utakutana na kijana wa miaka 19, na mawe mawili mbele mzee wa miaka 94 aliyepigana vita vitatu. Zunguka nyuma ya jiwe pia. Mara nyingi kuna jina la pili, la mke au la mtoto aliyezikwa pamoja naye, na hao hakuna anayewataja.

Ukipangiwa au ukijikuta Sehemu ya 27, nenda taratibu zaidi. Ni miongoni mwa sehemu za kwanza kabisa za Arlington, tangu mwaka 1864. Humo wamo askari weusi wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ambao mawe yao yana herufi U.S.C.T. (United States Colored Troops, yaani vikosi vya askari weusi wa Marekani). Pia wamo watu wapatao 3,800 waliokuwa watumwa wakapata uhuru. Mawe yao hayana cheo wala kikosi: yameandikwa jina na neno moja, Citizen au Civilian, yaani raia. Walizaliwa wakihesabiwa mali ya watu, wakazikwa wakiitwa raia. Mwafrika yeyote anayepita hapo bila kusimama amejinyima jambo kubwa.

Sasa shada. Piga magoti au kunja magoti, usiukunje mgongo, maana utainama mara nyingi mno kabla ya saa sita. Shika duara kwa juu, karibu na utepe, uinue moja kwa moja kutoka ardhini kisha ulivute kwako. Usiliburute juu ya jiwe. Marumaru ni laini kuliko inavyoonekana, na ncha ya waya inaweza kuichubua. Jiwe lina uzito wa kilo 100 hivi na sehemu yake imezama ardhini, lakini hiyo si ruhusa ya kuliegemea, kuliweka mguu, kulining'inizia koti au kulikalia ukipumzika. Ukichoka, pumzika pembezoni mwa barabara.

Angalia nyuma ya mawe na chini ya miti. Upepo wa wiki tano huhamisha mashada, na lililoanguka kifudifudi kwenye majani makavu halionekani kwa urahisi. Utepe uliokatika uokote pia.

Utakuta mawe yasiyo na shada kabisa. Usidhani yalisahauliwa: kwenye makaburi yenye Nyota ya Daudi mashada hayawekwi bila familia kuomba, kwa heshima ya mila za Kiyahudi.

Vitu ambavyo hutakiwi kuvigusa

Shada la jumla ndilo ulilokuja kuondoa. Vitu vingine vilivyo juu au mbele ya jiwe viache.

Sarafu juu ya jiwe zina maana miongoni mwa askari. Ya senti moja huachwa na mtu yeyote aliyezuru. Ya senti tano ni ya aliyefanya mafunzo ya mwanzo pamoja na marehemu, ya senti kumi ni ya aliyetumikia naye, na ya senti ishirini na tano ni ya aliyekuwepo alipokufa. Ukiona sarafu hiyo ya mwisho, fikiria nani alisimama hapo kabla yako. Waeleze watoto jambo hili mapema, mkiwa nyumbani, kwa sababu mtoto anayeona fedha ataichukua bila nia mbaya.

Mawe madogo juu ya jiwe la kaburi ni desturi ya Kiyahudi ya kuonyesha kwamba mtu alizuru. Barua, picha, midoli na chupa ni za familia. Barua ikiwa imefungwa kwenye shada lenyewe, usiitupe nalo: mwite mfanyakazi wa makaburi. Fanya hivyo pia ukikuta shada la aina tofauti, lililowekwa kwenye kigingi au lenye jina la familia.

Na ukimkuta mtu amekaa kwenye kaburi, hasa Sehemu ya 60 walikozikwa wengi wa vita vya Iraki na Afghanistani, ruka kaburi hilo na majirani zake. Msalimie kwa kichwa, upite. Akikuambia chukua, chukua. Akitaka kulichukua mwenyewe, mwachie. Akianza kukueleza habari za mwanawe, weka mpini chini umsikilize, mashada yatasubiri. Simu ibaki mfukoni.

Jumamosi pia huwa na maziko machache. Msafara ukipita, simama, vua kofia, nyamaza, na mfundishe mtoto afanye hivyo. Hakuna shada la kuondolewa wakati wafiwa wanapita.

Hatua ya 5: Kubeba hadi kontenani

Makontena makubwa ya taka huwekwa kandokando ya barabara za ndani. Kabla ya kuanza mstari, tazama lililo karibu liko wapi ili usibebe mzigo ukapanda kilima bure.

Mpini ubebwe na watu wawili, mmoja kila upande, mashada yakining'inia katikati. Anayebeba peke yake asizidishe. Mashada yaliyolowa kwa theluji ni mazito kuliko yanavyoonekana, na mpini ukiteleza mzigo wote unaangukia mguuni. Mpite kwenye nafasi ya katikati ya mistari, mpini ukiwa umeelekea mnakokwenda, maana mkiugeuza kukingama utagonga mawe pande zote mbili.

Kontenani wakae watu wazima wenye nguvu, wapokee na kutupa. Simama kando anayetupa asikupige, na watoto wasikaribie hapo hata kidogo. Kazi nzuri ya watoto ni kusoma majina, kuokota tepe, na kuangalia nyuma ya mawe. Wazee wasioweza kuinama waonyeshe njia, washike maji, wahesabu watu wa kikundi. Makaburi ni makubwa na kupotezana ni rahisi, kwa hiyo pangeni mahali pa kukutana kwa namba ya sehemu, si kwa kusema "pale kwenye mti mkubwa".

Ukimaliza na bado una nguvu

Programu ya simu iitwayo ANC Explorer hukuonyesha kaburi la mtu kwa jina na njia ya kulifikia. Itumie kumtafuta Aliganga, au ndugu wa rafiki yako aliyekuomba umzuru. Kwenye Kaburi la Askari Asiyejulikana, walinzi wanaolinda usiku na mchana tangu mwaka 1937 hubadilishana zamu kila saa wakati wa majira ya baridi. Panda huko ukasimame uone. Watu hukaa kimya kabisa pale, nawe hutahitaji kuambiwa.

Ukiwa mbali na Virginia

Idara ya Masuala ya Maveterani ya Marekani inasimamia makaburi ya kitaifa zaidi ya 150 nchini kote, na mengi huwekewa mashada kila Desemba. Kwa watu wetu wa Minnesota kuna Fort Snelling, wa Texas wana Dallas-Fort Worth na Houston, wa Maryland wana Baltimore. Tarehe na utaratibu hutofautiana, kwa hiyo piga simu ofisi ya makaburi ya karibu mwanzoni mwa Januari, uulize siku ya kuondoa mashada na kama wanataka watu. Kwenye makaburi madogo wanaofika mara nyingi ni wachache, na kikundi cha watu kumi kutoka kanisani au msikitini kinaweza kubeba sehemu kubwa ya kazi ya siku hiyo.

Ukirudi nyumbani, kung'uta nguo nje kabla ya kuingia, la sivyo majani yale utayafagia kwa wiki nzima. Utomvu ulioganda vidoleni hautoki kwa sabuni peke yake: paka mafuta ya kupikia, sugua hadi ulainike, ndipo unawe kwa sabuni na maji ya moto. Kagua mikono na vifundo vya miguu kama kuna michubuko ya waya, uisafishe siku hiyohiyo. Glavu zianike zikauke vizuri, uzihifadhi pamoja na mpini hadi Januari nyingine.